Nusu ya Mzee Okwara

Ninyi vijana mnaofanya udalali wa mahakama siku hizi, nawaona mkifika kwa watu na gari la kukodi, miwani myeusi na simu ya kupigia picha. Mnapiga picha jokofu, mnapiga picha makochi, mnarudi mjini kabla jua halijakuwa kali. Kisha mnashangaa kwa nini mtu mwenye hoteli mbili alikuwa na makochi yaliyotoboka. Ameyaazima kwa jirani, ndiyo sababu. Yake mazuri yako kwa shemeji, yamefunikwa blanketi.

Mimi niliifanya kazi hiyo Busia na Malaba tangu miaka ya sabini, wakati picha ilikuwa kitu cha harusi. Niliuza ng'ombe wa watu walioshindwa na mikopo, nikafunga maduka, nikakokota matrekta. Lakini kazi iliyonifundisha kuwadharau wenye mali ni ile ya kugawa vitu vya mume na mke waliotalikiana. Mtu aliyefilisika huwa na haya. Atakukaribisha, atakuomba usiongee kwa sauti kubwa majirani wasisikie. Lakini mtu anayetalikiana na ana mali nyingi, haya alishaiacha kanisani siku ya harusi. Nimeona mwanakandarasi akipanda juu ya meza kung'oa balbu. Nimeona mama mmoja wa heshima, mwenye kofia ya kanisani, akichimbua maua uani na kuyatia kwenye karai. Kuna wawili pale Busia waligombania mbwa, mmoja akivuta mnyororo na mwingine akivuta mkia, mpaka mbwa akachoka na tabia yao akawauma wote wawili. Mbwa huyo ndiye peke yake niliyemheshimu katika boma lile.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Haruni, mtu mfupi, mnene, aliyetembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Yeye alipoingia kwa mtu hakuuliza habari ya mali. Aliomba maji ya kunywa, akakaa, akayanywa polepole sana. Watu wanaoficha kitu hawawezi kumvumilia mgeni anayekunywa maji polepole. Wanaanza kujieleza bila kuulizwa. Huku akinywa, Mzee Haruni alikuwa akiangalia sakafu. Vyombo vinaweza kubebwa, aliniambia, lakini alama ya miguu ya kabati kwenye simenti haiwezi kubebwa, wala ule mraba mweupe ukutani ambapo saa ilikuwa imening'inia. Mkisahau yote nitakayowaambia, kumbukeni tu kuangalia chini.

Sasa niwaeleze habari ya Okwara.

Stefano Okwara alikuwa mwenye malori pale Malaba. Miaka ile upande wa pili wa mpaka hakukuwa na sukari, hakukuwa na sabuni, hata chumvi ilikuwa ya kutafutwa, na kahawa ya huko ilikuwa ikivuka kuja huku kwa njia ambazo afisa wa forodha hakuzipita. Mwenye lori alikuwa mfalme. Okwara alikuwa na malori manne, loji yenye vyumba vya ghorofa, duka la jumla na ghala lake, kinu cha posho, nyumba ya kupangisha Busia, na ng'ombe. Alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili, na alivaa saa mkono huu na mkono ule. Moja, alisema, ni ya Kenya na nyingine ni ya Uganda. Mwaweza kujua akili yake ilikuwa ya namna gani, kwa maana saa za nchi hizo mbili ni sawa.

Mke wake aliitwa Perpetua Amoit. Okwara alipokuwa bado tanboi, anapanda juu ya mizigo ya watu wengine, Perpetua alikuwa na cherehani kando ya barabara, mahali malori yanapopanga foleni, akishona maturubai yaliyochanika. Madereva walimjua kutoka Mombasa hadi Kampala kwa sababu mshono wake haukupitisha mvua. Lori la kwanza la Okwara lilinunuliwa kwa mshono huo. Kila mtu Malaba alijua, isipokuwa Okwara, ambaye pesa zilipoingia alisahau kabisa.

Na ni yeye aliyefungua kesi ya talaka. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, kwa hiyo hangeweza kuoa wa pili waziwazi, na tayari alikuwa amemweka mwanamke mwingine kwenye chumba kizuri cha loji. Alisema mbele ya jaji kule Kisumu kwamba Perpetua alimzalia wasichana wawili tu, na kwamba anataka ng'ombe wake wa mahari warudishwe. Alifikiri mambo yatakwisha hapo: mke ataondoka na sanduku la nguo, ng'ombe watarudi zizini. Hakufikiri kwamba mwanamke wa cherehani angetafuta wakili. Alimtafuta. Jaji akatoa talaka, akatupilia mbali hayo maneno ya mahari, kisha akasema kila kilichopatikana ndani ya ndoa kigawanywe nusu kwa nusu. Mimi nikateuliwa kwenda kuangalia ni nini kilichopo, kukifunga, na kuleta taarifa. Agizo lilisema kisihamishwe kitu chochote mpaka jaji aamue, ila kile ambacho wote wawili wamekubaliana kukigawa mbele yangu.

Nilifika Malaba asubuhi. Okwara alinipokea kama mtu wa ukoo, akanishika bega.

"Karibu, dalali. Angalia kila kitu. Mimi sina siri."

Nikaomba maji.

Nyumba ilikuwa tupu kama darasa wakati wa likizo. Kulikuwa na meza moja na viti vya mbao. Nilikunywa maji yangu, nikaangalia sakafu, nikaona alama za kabati, alama za jokofu, na alama za kitanda kikubwa kilichoburutwa hadi mlangoni. Hilo halikunishangaza, ni kazi ya kawaida. Nilipotoka uani ndipo nilipocheka moyoni. Lori lilikuwa moja, kuukuu, limewekwa juu ya mawe kwa sababu halikuwa na giaboksi. Lakini mahali pa kuegesha, mchanga ulikuwa na madoa meusi ya oili manne, yamepangwa vizuri kama vitanda vya hospitali, na lori kuukuu lilikuwa limesimama juu ya doa moja tu.

"Yale mengine yako wapi, mzee?"

"Mengine gani? Mimi niko na lori moja. Hiyo unaona."

"Haya madoa matatu ni ya nini?"

Okwara akayatazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyaona. "Ah. Hizo niliuza zamani. Niliuzia rafiki yangu wa Tororo. Nimeapa kwa wakili, karatasi iko."

Nikainama nikagusa oili. Bado ilikuwa mbichi, ikanibaki kidoleni. Zamani yake ilikuwa ya juzi.

Perpetua alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, mikono nyuma. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye sindano ya gunia aliyoichomeka kwenye kitambaa cha kichwani, kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu, "Aliyavusha juma hili. Wafula aliendesha la kwanza, wale wengine wakamfuata. Ameyaweka kwa uwanja wa rafiki yake, akisema huko jaji wa Kenya hana mkono."

Wafula alikuwa dereva mkubwa wa Okwara, mtu wa Bungoma, mpole, ambaye alifanya kazi pale tangu lori lilipokuwa moja. Madereva wawili wengine walirudi kwa miguu kupitia darajani. Wafula aliachwa huko kuyalinda, alale ndani ya kibanda cha gari, mpaka kesi iishe.

Nilifunga ghala kwa kufuli ya mahakama, nikabandika karatasi yenye muhuri. Vijana, fungeni ghala kwanza. Ghorofa haliwezi kutembea. Sukari ina miguu.

Kisha nilikwenda Amukura kutafuta ng'ombe. Niliwakuta kwa kaka yake Okwara, zizi limejaa mpaka wanyama wanapandana. Huyo kaka alitoka akifuta mdomo, akaniambia ng'ombe wote ni wake, amewalea tangu wakiwa ndama. Nikamuuliza yule mwenye pembe iliyovunjika ametoka kwa mama yupi. Akafikiri. Akasema ametoka kwa yule mweusi. Kabla hajamaliza, mkewe akajibu kutoka jikoni, bila hata kuchungulia:

"Huyo mweusi ni dume. Waliletwa juzi wote, na tangu juzi ni mimi nakamua. Kama mahakama inawataka, wachukue leo."

Kaka mtu akaangalia viatu vyake. Mara nyingi kazi yangu ilikamilishwa na mwanamke aliyechoka kuficha mali isiyokuwa yake. Mkifika mahali, ongeeni na yule anayefanya kazi pale. Mwenye boma atawapa hotuba.

Nikaandika taarifa yangu kuhusu nyumba, ng'ombe, na hayo malori matatu ambayo mwenyewe alikuwa ameapa si yake. Jaji alikuwa ametupangia siku. Okwara alitembea Malaba akiwa mtu mwenye furaha. Alikuwa akikaa na madereva barazani na kuwaambia kwamba mwanamke anaweza kupewa nusu ya simenti, lakini magurudumu hatayaona. Wengi walicheka naye. Niliwaona. Baadhi yao wake zao walikuwa nyumbani, na sijui walicheka nini.

Halafu siku moja mchana, akaja mwanamke wa kutoka upande wa pili, mchuuzi wa ndizi ambaye alikuwa akivuka kila siku na kikapu chake. Nilikuwa pale dukani nikihakikisha kufuli yangu haijaguswa. Hakumtafuta Okwara. Alikwenda moja kwa moja kwa Perpetua, akapiga magoti kusalimu kama ilivyo desturi yao, kisha akasema:

"Nyabo, mama, zile gari za mzee wako wamechukua. Watu wa bunduki. Walikuja uwanjani, wakauliza ni za nani. Yule rafiki yake akasema yeye hajui, si zake. Basi wakasema ni zao."

"Na Wafula?"

"Wako naye. Wamempiga kidogo, lakini anatembea. Mkubwa wao anasema mtu na gari bila mwenyewe ni mwizi ama ni mpelelezi. Lakini huyo mkubwa anaongeleka. Bibi yake ananunua ndizi kwangu. Nyumbani kwao hakuna sukari, hakuna sabuni. Unanielewa."

Perpetua alimwelewa. Hata mimi nilimwelewa.

Habari ilimfikia Okwara haraka. Alikuja mbio, jasho linatiririka, saa zote mbili zinang'aa, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Zote tatu?" Alipoambiwa zote, alikaa chini kwenye ngazi ya duka akashika kichwa. Alilia. Mtu mzima alilia, akitaja kila lori kwa namba yake ya usajili. Nilimsubiri ataje jina la dereva. Mpaka leo ningali namsubiri.

Wakati huo mke wa Wafula, aliyeitwa Nekesa, alikuwa amefika. Alikuwa mja mzito, miguu imevimba, ametembea kutoka huko wanakopanga. Alisimama mbele ya Okwara.

"Mzee, bwana yangu yuko wapi?"

Okwara hakuinua uso. "Si umesikia. Wamemshika."

"Wewe ndiye ulimtuma."

"Mimi nilimwajiri kuendesha gari. Sikumwajiri kushikwa."

Nimefanya kazi na majizi, vijana wangu, na walevi, na watu waliouza shamba la yatima. Lakini sentensi ile niliisikia na nikahisi kama mtu amenitemea mate kwenye chakula. Hata wale waliokuwa wakicheka naye barazani waliangalia pembeni.

Perpetua akaniita kando. "Dalali, fungua ghala."

"Mama, siwezi. Vitu vya ndani si vyako bado, na si vyake bado. Nikifungua hivi hivi, jaji atanifunga mimi."

"Agizo linasemaje?"

"Linasema kama nyinyi wawili mmekubaliana kugawa kitu mbele yangu, nagawa."

Akaenda kwa Okwara pale kwenye ngazi. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wachukue sukari na sabuni kutoka ghalani, wazivushe, wamtoe Wafula. Okwara akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Machozi yalikauka papo hapo.

"Sukari yangu?"

"Ya sisi wote."

"Nusu ni yangu. Mimi tayari nimepoteza gari tatu, sasa unataka kunimaliza na sukari. Huyo mtu ataachiliwa tu. Watamlisha wachoke."

"Basi tugawe," Perpetua akasema. "Leo, sasa hivi. Nusu yako ukae nayo. Nusu yangu ni yangu, na mimi najua nitaipeleka wapi."

Okwara alimtazama, akatafuta mtego katika maneno hayo, hakuuona. Akakubali. Nikapiga simu kutoka posta kwa mawakili wote wawili, wakasema hawana pingamizi. Nikarudi, nikatoa kufuli.

Nimegawa mali nyingi maishani, sijagawa nyingine kama ile. Vibarua walitoa magunia na masanduku, wakayaweka uani, gunia huku, gunia kule. Nusu ya mji ilisimama kuangalia. Okwara alifuata kila gunia, akilipapasa, akilinusa, akisukuma kwa mguu kuona kama lilikaa sawa na mwenzake. Mwishoni likabaki gunia moja la sukari lisilokuwa na mwenzake. Nikasema tupime kwa mizani.

"Mpe," Perpetua akasema. "Tunapoteza wakati."

Okwara akalichukua, hakusema asante. Akaligeuza, akaona lina tundu dogo chini, sukari inadondoka. Akalisukuma kwa upande wa Perpetua, akachukua lingine lililo zima kutoka rundo la Perpetua. Hivyo ndivyo alivyofanya, mbele ya watu, mbele ya mke wa dereva wake amekaa chini na miguu yake iliyovimba. Perpetua akachomoa ile sindano kichwani, akapiga magoti, akashona tundu. Kisha akawaita watu wa baiskeli, wale wa kuvusha mizigo mpakani, na wakaanza kupakia.

Mimi sikuvuka naye. Kazi yangu iliishia kwenye kizuizi, na yule mchuuzi wa ndizi alisema mwanamume yeyote aliyevaa suruali nzuri atadhaniwa mpelelezi. Wakaenda wanawake wawili na msururu wa baiskeli. Maafisa wa upande wetu waliangalia mawingu. Nilibaki pale na madereva, Nekesa akiwa amekaa juu ya sanduku tupu la sabuni. Malori yalikuwa yamezima injini. Mtu mmoja alitoa chai kwenye chupa yake akampa Nekesa, akaishika tu bila kuinywa.

Walirudi jua likianza kushuka. Tulimwona kwanza mchuuzi, kisha Perpetua, mrefu, bila kitambaa kichwani. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye paji la uso la Wafula. Alikuwa miguu mitupu, shati limechanika mgongoni, anatembea kama mtu anayekanyaga moto. Alipofika upande wetu, alijaribu kusimama wima.

"Mama," alisema, "malori wamechukua yote. Nilijaribu kuwaambia."

"Mimi nimekuja kuuliza malori?"

Wafula akaanza kutikisika mabega. Nekesa akamshika kiunoni, wakaondoka hivyo, hawakumuaga mtu. Okwara hakuwa pale. Baadaye nilisikia alikuwa nyumbani akitafuta mahali pa kuficha masanduku ya sabuni ambayo yalikuwa yake kihalali na hakuna mtu aliyeyataka.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtu mwenye mali unavyoweza kwenda mbali. Kesi iliporudi kwa jaji, wakili wa Okwara, aliyekuwa na suti ya kijivu na uso wa mtu aliyelazimishwa kula kitu kibovu, alisimama akaeleza kwamba mteja wake amepata hasara. Kwamba malori matatu yamenyakuliwa. Kwamba malori hayo yalikuwa mali ya ndoa, na kwa hiyo hasara igawanywe nusu kwa nusu, mke afidie nusu yake kutoka kwa loji na kinu.

Jaji alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Akafungua faili, akasoma, akamtazama Okwara.

"Bwana Okwara, hapa uliapa kwamba uliyauza malori haya zamani."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini nilikuwa sijauza."

"Uliapa kwa Biblia."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na leo umeapa kwa Biblia ileile. Nikuamini siku gani?"

Okwara akasema aaminiwe leo. Watu kortini walicheka mpaka karani akagonga meza.

Wafula aliitwa. Alikuwa amepona uso, ila kidole kimoja cha mguu kilikuwa hakijapona. Wakili wa Perpetua alimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, malori yalifikaje kule.

"Mzee alinipa funguo kwa mkono wake," Wafula akasema. "Aliniambia nivushe kabla dalali hajafika, mama asipate. Mimi ni dereva. Nilivusha."

"Alikutumia nini ulipokuwa umeshikwa?"

"Nani?"

"Mwajiri wako."

Wafula akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana," akasema. "Hakuna."

Jaji hakuandika maneno mengi. Alisema mahakama ilimpa kila mmoja nusu, lakini Bwana Okwara hakutaka kungoja kugawiwa. Alijigawia mwenyewe, akachagua malori matatu, akayapeleka alikotaka. Mahakama haina sababu ya kumpinga. Malori hayo matatu, na lile kuukuu lisilo na giaboksi, pamoja na kile alichokwisha kuchukua ghalani na ng'ombe walioko Amukura, ndiyo sehemu yake. Loji, duka, kinu na nyumba ya Busia ni mali ya mama.

Wakili wa suti ya kijivu hakusimama tena. Nadhani alifurahi kwa siri.

Siku ya kukabidhi, nilikwenda Malaba kuchukua funguo. Okwara alinipa moja moja, kama anayeng'oa meno yake mwenyewe. Yule mwanamke wa chumba kizuri alikuwa ameshaondoka, na redio. Okwara akanivuta mkono.

"Dalali, wewe ni mtu wa mahakama. Jaji amesema zile gari ni zangu. Basi nenda ukazikamate, uniletee."

"Ziko Tororo, mzee."

"Si uko na muhuri?"

Nilimweleza kwamba muhuri wangu hausomeki kule, na kwamba yeye ndiye aliyelifikiria jambo hilo kabla yangu. Akasema watu wamemwonea. Aliamini hivyo. Ndiyo shida ya watu wa aina hiyo, ukiwapa kioo watauliza huyo mnene ni nani.

Perpetua hakuhama kutoka Malaba. Alimfanya Wafula msimamizi wa loji, kwa kuwa mguu wake haukumruhusu tena kukanyaga klachi siku nzima, na Nekesa, baada ya kujifungua, akashika mkahawa wa chini. Mimi nilikuwa nikila hapo kila nilipopita. Asubuhi moja nilikuwa na chai na maandazi yangu, Okwara akaingia. Tumbo lilikuwa limepungua na saa ilikuwa moja. Akakaa meza ya dirishani, akaagiza mayai, mkate, chai ya maziwa, akiagiza kwa sauti ileile ya zamani, kana kwamba kuta bado ni zake.

Nekesa akaja na mtoto mgongoni, akasimama mbele yake bila sahani.

"Hapa tunalipa kwanza, mzee."

Watu wakaacha kutafuna.

"Wewe msichana," Okwara akasema, "unajua mimi ni nani?"

"Najua vizuri," Nekesa akamjibu. "Kwa hiyo lipa kwanza."